Ukuta wa matofali ya kuchoma unatoa chumvi nyeupe, nimeosha mara tatu na inarudi

Mwenye_Ukuta:
Wakuu, habari zenu. Nina ukuta wa matofali ya kuchoma upande wa nyuma wa nyumba, haujapigwa plasta wala rangi. Nimeuacha hivyo kwa makusudi, naupenda wekundu wake. Sasa tangu mvua zikatike, umevaa unga mweupe kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, kama mtu kajipangusia mikono ya chaki.

Nimeuosha kwa mpira wa maji mara tatu. Nikiosha unang'aa kabisa, nasimama najisifu. Siku ya tatu ukikauka, weupe huo umerudi, na nahisi safari hii umezidi. Nilionja kwa ncha ya ulimi (msiniulize kwa nini), ni chumvi.

Kwenye kona yenye kivuli kuna ukoga wa kijani pia. Jirani mmoja ananiambia nimwage asidi, mwingine anasema nipake vanishi nisahau. Kabla sijaharibu, nauliza.

LalaSalama:
Piga plasta, paka rangi, kalale.

KambaNaTimazi:
Mkuu, zima maji kwanza, na ulimi wako usiupeleke ukutani tena.

Huo si uchafu wa nje. Chumvi ilikuwemo ndani, kwenye tofali lenyewe, kwenye saruji ya viungo (ile inayoshikanisha matofali) au kwenye udongo wa chini. Maji yakiingia ukutani yanaiyeyusha na kutembea nayo hadi usoni mwa tofali. Jua likiwaka maji yanapaa, chumvi inabaki. Wewe ukija na mpira unaiyeyusha upya, nusu inachuruzika, nusu inanyonywa kurudi ndani, halafu siku ya tatu inatoka kukusalimia.

Subiri siku kavu yenye jua, ukuta ukiwa umekauka kweli. Chukua brashi ngumu ya nailoni au ya nyuzi, kavu, sugua. Chini tandika turubai au magazeti, unga wote ukusanye ukautupe mbali. Ukiuacha miguuni mwa ukuta, mvua ya kwanza itaurudisha ulikotoka. Usitumie brashi ya waya wa chuma. Vijipande vya waya hubaki kwenye vitundu vya tofali, vikishika kutu utakuwa na madoa ya kahawia juu ya meupe.

Lakini brashi ni kazi ya nusu saa tu. Kazi yenyewe ni kujua maji yanatoka wapi. Ukuta mpya hutoa chumvi ya ujenzi kisha ukaacha wenyewe. Wako una miaka mingapi? Na huo weupe unaoanzia chini ukaishia kiunoni unaninong'oneza kwamba maji yanapanda kutoka ardhini. Angalia kama udongo au sakafu ya nje haijafunika lile tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Inatakiwa ardhi iwe chini yake kama sentimita 15. Halafu inua macho uone gata, kama limeziba au linavujia ukutani. Kabla hujagusa chochote, chora kwa penseli mstari pale unyevu unapoishia, uandike na tarehe.

Asiyesikia:
Dada yenu nilisikiliza jirani wa aina hiyo. Nilimwaga asidi kwenye ukuta mkavu, tena kali kama ilivyotoka kwenye chupa. Tofali kavu linakunywa kama ngamia, kumbe nilikuwa nalinywesha asidi. Chumvi iliondoka, na viungo vikaondoka nayo, kwa sababu asidi inakula saruji na chokaa. Hadi leo naingiza ncha ya funguo kati ya matofali bila kutumia nguvu.

Wanaojua kazi wanalowesha ukuta kwanza ushibe maji, asidi inakuwa hafifu sana, wanajaribu mahali pamoja pa kujificha, kisha wanasuuza kwa maji mengi. Na ni asidi inayomiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, vinginevyo itakurukia usoni. Kwa chumvi ya kusuguliwa kwa brashi sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Ule ukoga ni jambo jingine. Kwangua kwa kipande cha mbao, kisha paka maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya klorini, uache kidogo halafu suuza. ISIKUTANE NA ASIDI hata tone, gesi inayotoka hapo ni sumu. Mashine ya kuosha kwa presha nayo iache palepale, inachubua ngozi ngumu ya tofali, na ndani ni laini.

Mwenye_Ukuta:
Ahsanteni sana. Ukuta una miaka kumi na moja. Jana nimechimba, na mchawi ni mimi. Mwaka jana nilitengeneza kitalu cha maua pale, nikarundika udongo hadi ukafunika kozi (safu) mbili za matofali. Na kila jioni namwagilia!

Mbili zaidi: vanishi vipi? Na nimejaribu funguo kama dada alivyosema, kuna sehemu viungo vinamomonyoka kama mchanga mtupu. Nijaze saruji ya kawaida?

KambaNaTimazi:
Vanishi hapana. Maji yaliyomo ndani yatakosa mlango, chumvi itajijenga nyuma ya uso wa tofali na kuubandua kama gamba. Kuna dawa zinazopitisha mvuke, lakini hizo nazo ni za ukuta uliokauka, wako bado.

Viungo: kwangua kwa patasi nyembamba kina cha sentimita 2 hivi, au mara mbili ya upana wa kiungo. Grinda iache kama mkono haujazoea, utakata tofali. Toa vumbi, nyunyizia maji. Saruji kali ndiyo kosa la wengi. Changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Kiungo kiwe laini kuliko tofali, ili ukuta ukisogea au unyevu ukitafuta pa kutokea, kiharibike kiungo unachoweza kukijaza tena. Nyumba za zamani zenye matofali laini hujazwa chokaa na mchanga tu, bila saruji. Shindilia kwa mwiko mwembamba, kikianza kukaza pitisha kipande cha bomba kiingie ndani kidogo, kisha funika gunia bichi jua lisikikaushe haraka.

Ila usijaze sasa. Ondoa udongo, uache ukuta upumue miezi kadhaa.

Mwenye_Ukuta:
Mrejesho. Kitalu nimekihamishia mbali na nyumba, chini nimemwaga kokoto. Brashi kavu imetoa unga wa kujaza kopo zima la rangi. Weupe ulirudi mara moja, kidogo, nikasugua tena. Matawi yaliyotia kivuli kwenye kona nimepunguza, ukoga umekuwa mweusi na unabanduka kwa kidole.

Mstari wa penseli upo palepale. Unyevu umeshuka chini yake vidole vinne.

LalaSalama:
Mimi bado nasema plasta.