Msumeno unasuasua nikitumia ekstensheni

Randa_Kavu: Wakuu, naombeni msaada. Nina msumeno wa mviringo wa wati 1800. Nikiuchomeka ukutani moja kwa moja unapasua mbao vizuri tu. Nikiweka ekstensheni ya mita 30 unaanza kwa kusuasua, ukikuta mbao ngumu unakwama. Plagi nayo inachemka haishikiki. Mota imekufa?

FundiNyaya: Mota nzima hiyo, waya ndio mwembamba. Soma maandishi kwenye ganda lake, sitashangaa ukikuta 0.75, yaani unene wa shaba kwa milimita za mraba. Kwa volti 230 msumeno wako unavuta karibu ampia 8. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, na unapoteza kama volti 11 njiani. Mota inapowaka huvuta mara kadhaa ya hapo, ndipo inasuasua. Tafuta waya wa 2.5: utapoteza volti 3 na ushee. Plagi hiyo tupa, ikichemka hivyo ujue imelegea ndani.

Mama_Ubao: Ekstensheni ni ya gurudumu la kuzungushia waya? Unaikunjua yote?

Randa_Kavu: Ya gurudumu, navuta kipande ninachohitaji tu. Na kweli imeandikwa 0.75!

FundiNyaya: Acha kabisa. Ikiwa imezungushwa, joto halina pa kutokea, ganda linayeyuka na nyaya zinagusana. Hata ya 2.5 ikunjue yote.

Mama_Ubao: Na waya uupitishe begani, usiuache mbele ya meno. Ukiukata usizungushie tepu, nunua mwingine. Kazi ya nje weka swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30.