Mjadala: Wanafunzi wa S3 (mwaka wa tatu wa sekondari, Uganda) wapelekwe karakana, au mradi wa shuleni unatosha?

Mwalimu wa Ujasiriamali, Jinja
Hoja ni hii: kila mwanafunzi wa S3 atoke shuleni wiki nne, akae mahali pa kazi halisi, na alama za huko ziingie kwenye tathmini endelevu. Naiunga mkono. Mtaala mpya ulioanza na S1 wa mwaka 2020 umetuletea miradi, na asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kumaliza S4, sasa inatoka shuleni. 80 inabaki kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Lakini nendeni kwenye maonyesho ya miradi mwone: sabuni ya maji, mishumaa, mifuko ya karatasi, halafu sabuni ya maji tena. Mtoto anamaliza hajawahi kuona mteja akirudisha kitu kibovu na kudai hela yake. Na wapo wengi watakaoishia S4.

Fundi seremala, Nsambya
Mwalimu, nakupinga kwa heshima. Karakana ya kawaida huku ina meza mbili, randa moja ya umeme na msumeno wa mviringo uliofungwa chini ya meza, mara nyingi bila kinga. Ukiniletea wanafunzi kumi na tano, kumi na watatu watasimama. Siwezi kumpa mtoto wa miaka 15 msumeno ule, kwa hiyo atapiga msasa, atafagia na kutumwa chai wiki nne. Mwishoni nitasaini karatasi kwamba amejifunza useremala. Huo ni uongo wenye mhuri.

Kinachotuumiza vijana wakija kwetu kinaweza kufundishwa darasani kwa futi ya mkanda na vipande vya mbao. Hawajui kwamba meno ya msumeno yanakula kama milimita 3 kila yanapopita. Ubao wa mita 2.4 wanaugawa vipande vinane vya sentimita 30, wanakata mara saba, na kipande cha mwisho kinapungua sentimita mbili. Hawajui kwamba mbao ya nne kwa mbili (inchi) ikipigwa randa si nne kwa mbili tena, kwa hiyo kiungio walichopima kwenye karatasi hakikai. Na hawajui mbao mbichi. Kalitunsi (mkaratusi) iliyokatwa juzi ukiitengenezea kiti leo, mwezi ujao viungio vimeachia na mguu umejipinda. Kupima ukavu hakuhitaji mashine: chukua kipande, kipime kwa mizani ya duka kila wiki, andika uzito. Uzito ukiacha kushuka, mbao imetulia kwa hewa ya hapo. Fizikia na hesabu tosha, na hakuna kidole kinachopotea.

Mwalimu wa Kemia, Arua
Naona sabuni inachekwa. Sabuni haina kosa, kosa ni jinsi inavyofundishwa: mtoto anapewa mapishi, anakoroga, anapiga picha.

Chukueni mchanganyiko wa lita 20: kilo moja ya ungaroli (malighafi nzito inayotoa povu), nusu kilo ya asidi ya sulfoniki, magadi soda (soda ash), chumvi, rangi, manukato. Nusu kilo ya asidi hiyo inahitaji takriban gramu 80 za magadi makavu ili isiwe kali. Mapishi ya mtaani yanasema "robo kilo" kwa sababu ndivyo dukani wanavyofunga, na ndiyo maana mikono ya wateja inachubuka: magadi yamezidi mara tatu. Kikaratasi cha pH kinapaswa kusoma 7 hadi 8 kabla ya kufunga chupa. Tena asidi ikikutana na magadi hutoa gesi, povu linapanda. Atakayetumia ndoo ya lita 20 kwa lita 20 za sabuni atapiga deki. Asidi imiminwe kidogo kidogo, glavu mkononi, macho yamekingwa.

Halafu chumvi. Huongeza uzito wa sabuni mpaka kiwango fulani, ukivuka inageuka kuwa nyepesi kama maji, na kuongeza chumvi nyingine ndiko kuiua kabisa. Iyeyushwe pembeni, iongezwe mwishoni, kikombe kimoja, koroga, angalia. Mwanafunzi aliyeandika kila kikombe na alichokiona ameshajifunza kazi ya kiwanda. Aliyenunua sabuni sokoni akabandika lebo yake hawezi kunionyesha daftari hilo. Mimi nasema mradi ubaki, daftari lipewe alama kuliko chupa.

Mzazi, Mbale
Walimu wetu, tusemeni ukweli. Mradi wa mtoto unafanywa na mzazi. Karatasi ya mahitaji inakuja nyumbani, tunanunua, mtoto anabeba. Sasa hizo wiki nne, nauli ya nani? Chakula cha mchana cha nani? Ada ya muhula tumeshalipa, je, tutarudishiwa? Na binti wa miaka 16 kwenye gereji ya wanaume watupu, nani yuko naye saa kumi na moja jioni? Hapo sijasikia jibu.

Mhasibu, Mbarara
Mama, swali la nauli ni la msingi, ila nataka kuongeza lililosahauliwa na pande zote. Tunabishana kuhusu kutengeneza, hakuna anayeongelea hesabu. Mpeni mtoto wa S4 hii: malighafi ya lita 20 imegharimu, tuseme, 40,000. Atasema lita moja ni 2,000 na atauza 2,500 akidhani amepata faida. Chupa ya lita moja ni 500. Nauli ya kwenda mjini na kurudi 6,000, yaani 300 kwa lita. Saa zake nne hazimo. Ameshapata hasara na anacheka. Na kuuza kihalali kunataka alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, ambayo hakuna shule inayoiweka kwenye bajeti ya mradi.

La pili ni karatasi ya mshahara. Kijana anaahidiwa 500,000 kwa mwezi, anapokea pungufu, anadhani mwajiri kamwibia. Fanyeni nao darasani kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vilivyowekwa 2012: 235,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hiyo ni 10,000. Hadi 410,000 ni asilimia 20, hiyo ni 15,000. Zilizobaki 90,000 ni asilimia 30, hiyo ni 27,000. Jumla 52,000. NSSF yake (akiba ya uzeeni) asilimia 5 ni 25,000. Anabaki na 423,000 kabla ya kodi ya huduma ya serikali za mitaa. Mwajiri naye anapaswa kuongeza asilimia 10 NSSF, yaani 50,000 kutoka mfukoni mwake, si kwenye mshahara wa kijana. Hapa ndipo wizi wenyewe ulipo: wapo wanaomkata mfanyakazi zote 15. Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, na hakihitaji karakana.

Afisa wa rasilimali watu, Kampala
Mhasibu kanitangulia. Naongeza sheria, maana inagusa hoja yenyewe. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumtumia mtoto kwenye kazi ya hatari, na inakataza kumwajiri kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Kwa hiyo fundi wa Nsambya yuko sahihi kuhusu msumeno, na shule itakayomwachia mtoto akaukaribie itajieleza. Tena mwanafunzi hana mkataba wa kazi, basi akiumia msidhani fidia ya wafanyakazi itamfikia moja kwa moja. Shule na mwenye karakana waandikiane nani analipa hospitali kabla mtoto hajatoka getini.

Kuhusu maisha ya kazi: wafundishwe kwamba mwajiri anatakiwa kutoa masharti ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12, majaribio hayazidi miezi sita bila wao kukubali nyongeza, wiki ni saa 48, na ziada hulipwa angalau mara 1.5 ya malipo ya saa ya kawaida. Kima cha chini cha mshahara msiwatajie kama ngao: ni shilingi 6,000 za mwaka 1984, haijabadilishwa hadi sasa. Na kwa wanaoota kwenda kazi za Uarabuni: wakala lazima awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Leseni yake ikaguliwe wizarani kabla ya kutoa hata shilingi moja, si kwa picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp.

Fundi seremala, Nsambya
Hapo kwenye kuandikiana ndipo mimi ninaweza kulegea. Siku mbili, si wiki nne. Wanafunzi watatu, si kumi na watano. Waje na orodha ya ukataji waliyoandika shuleni, wanione nikikata kwa orodha yao. Ikikosea, watalipa mbao. Watajua hesabu siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Ujasiriamali, Jinja
Siku mbili ni utalii, fundi. Kijana hajui uchovu wa Alhamisi kwa siku mbili. Kufika kila siku saa mbili kasoro robo, kuambiwa rudia bila kununa, kumwambia mteja ukweli kwamba kazi haijaisha: hayo hayaonekani mpaka wiki ya pili. Nakubali watatu kwa karakana. Nakubali msumeno marufuku. Zaidi ya hapo sishuki.

Mzazi, Mbale
Mnapatana wenyewe kwa wenyewe, nauli mmeiruka. Nirudie: nauli ya nani?

Mwalimu wa Kemia, Arua
Mama, kwa shule yenye S3 120, watatu kwa karakana ni karakana 40. Arua mjini labda utazipata. Ukitoka kilomita 20 nje ya mji, hazipo, na nauli unayoiuliza itakuwa kubwa kuliko mradi mzima wa sabuni. Mwalimu wa Jinja aanzie hapo kujibu.