Kwa nini dhahabu ya nano inageuka buluu nikitia bafa?

Tindikali
Wakuu, naomba msaada. Nina chembe za dhahabu za nanomita 15 hivi, nimezitengeneza kwa sitreti (chumvi ya asidi ya sitriki). Kwenye maji safi ni nyekundu na zinakaa wiki nzima bila shida. Nikitia PBS, yaani bafa ya fosfeti yenye chumvi inayozuia pH isibadilike, rangi inakuwa zambarau papo hapo, halafu buluu, na kesho yake nakuta mashapo meusi chini ya chupa. pH ni 7.4, asidi haipo. Nini kinazigandisha?

Fundi Koloidi
pH iache, mshtaki chumvi. Metali huvutana sana. Chembe zikikaribiana kwa nanomita chache tu, mvuto wa van der Waals unazinasa. Zako zimesalimika kwa sababu sitreti imezivisha chaji hasi, na hasi kwa hasi hufukuzana. Sasa ukimwaga chumvi, ayoni za sodiamu zinaizingira kila chembe na kuifunika ile chaji. Chumvi ikiwa 0.001 mol kwa lita, msukumo unafika mbali, kama nanomita 10. Ikiwa 0.1, unaishia nanomita 1. PBS ina takriban 0.15. Hapo hakuna ngome tena.

Rangi ndiyo ushahidi. Chembe iliyo peke yake hunyonya mwanga karibu na nanomita 520. Zikigusana, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na unyonyaji unahamia mawimbi marefu. Michael Faraday aliliona hili la chumvi na dhahabu nyekundu tangu 1857, kwa hiyo usijione una mkosi.

Mpita Njia
Na bafa ikiwa na kalsiamu au magnesiamu ndiyo balaa. Ayoni ya chaji mbili inagandisha kwa kiasi kidogo mno ukilinganisha na sodiamu.

Tindikali
Nikiongeza maji mengi, wekundu utarudi?

Fundi Koloidi
Kwa buluu ya namna hiyo, sahau. Metali imeshagusa metali. Kupunguza chumvi hakuziachanishi. Tengeneza upya, na safari hii zivishe kwanza polietilini glaikoli (polima ya minyororo mirefu) yenye thioli, yaani kikundi chenye salfa, maana salfa huing'ang'ania dhahabu kuliko sitreti. Minyororo yake inazuia chembe kukaribiana hata chaji ikifunikwa. Iache ishike vizuri, ndipo utie chumvi, tena kidogo kidogo huku ukipima wigo wa mwanga unaonyonywa. Na usizihifadhi kwenye friza: barafu inazisukuma chembe na chumvi zote kwenye vijinafasi vilivyobaki, zinagandana huko huko.

Tindikali
Thioli ninayo. Naanza nayo kesho.