Yah: Fomu inasema "I undertake" – nikisaini nimejifunga na nini?

Kutoka: Ottawa

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine.

Nimepata mwaliko wa kuomba kumleta mama aje aishi nasi hapa Kanada. Furaha niliyo nayo siwezi kuieleza. Jana nilikaa na fomu mpaka saa saba usiku, nikakwama kwenye neno moja: undertaking. Kamusi inasema ni "kazi, shughuli, jambo lililoanzwa". Nikaangalia undertake, ikaniambia "fanya, anza kufanya". Sasa ni shughuli gani hiyo ninayotakiwa kuisainia miaka 20? Mke wangu naye anatakiwa aweke sahihi kama mimi. Shemeji anasema ni maneno ya kiofisi tu, kila mtu husaini. Mimi moyo umesita. Aliyepita njia hii anifahamishe kabla sijaweka wino.

---

Kutoka: Mkalimani, Birmingham

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mwaliko. Moyo wako umesita mahali pake.

Kamusi haijakudanganya, imekupa nusu. Undertake ni kitenzi chenye nyuso mbili, na uso utakaouona unategemea neno linalokifuata. Kikifuatwa na jina la kazi, kama utafiti, safari au kozi, maana yake ni kufanya tu, ila kwa Kiingereza kilichovaa tai. Mtu wa kawaida angesema "do" na yakaisha. Lakini kikifuatwa na "to" na kitenzi kingine, kama "I undertake to pay", au kikifuatwa na "that", mambo yamebadilika. Hapo mtu anajifunga. Anasema: mzigo huu nimejitwika mwenyewe, nisipoufikisha nidaiwe mimi.

Mimi nililijua hilo kwa kukatwa mshahara. Mwaka wangu wa pili hapa Uingereza, kabla sijaingia kwenye ukalimani, nilifanya kazi kwenye makao ya kulelea wazee. Mkataba ulikuwa na kifungu cha mafunzo, sentensi moja ndefu. Mwanzoni mfanyakazi "will undertake the training". Mbele kidogo, mfanyakazi huyohuyo "undertakes to repay" gharama yake akiondoka kabla ya miaka 2. Niliisoma jioni nikiwa na penseli, kwa bidii kabisa, na juu ya kila neno gumu niliandika Kiswahili chake. Juu ya undertake ya kwanza niliandika "fanya". Juu ya ile ya pili nikaandika "fanya" vilevile. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo na penseli bado inasomeka.

Mwezi wa 14 niliacha kazi, kwa notisi na kwa wema. Mshahara wa mwisho ulipoingia haukufika nusu ya kodi ya chumba. Nikarudi kwa meneja nikiamini ni kosa la hesabu. Alifungua mkataba, akashusha kidole taratibu mpaka kwenye "fanya" yangu ya pili, akanyamaza. Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 1996 inamkataza mwajiri kujikatia mshahara wa mtu hivihivi, lakini inaruhusu makato ambayo mkataba wa maandishi uliyataja tangu awali. Wangu uliyataja. Naamini hadi sasa kwamba si haki kumfunga mgeni kwa gharama ya kozi ambayo hakuwa na njia ya kuikataa. Lakini sahihi ni yangu, na niliiweka nikidhani naahidi kuhudhuria darasa.

Tuje kwenye fomu yako. Undertaking hapo ni ahadi yako kwa serikali kwamba mama atakula, atavaa, atalala na kutibiwa kwa mfuko wako, na matibabu hayo ni yale ambayo bima ya afya ya umma haiyagharamii, kama meno na macho. Kwa mzazi ni miaka 20, isipokuwa kwa wakazi wa Quebec, ambako ni miaka 10. Kwa mke au mume ni miaka 3 huko kwenu. Hesabu inaanza siku mama anapopewa ukaazi wa kudumu, na kuanzia siku hiyo huwezi kuifuta. Ukipoteza kazi, iko palepale. Wewe na mkeo mkitengana, Mungu apishe mbali, iko palepale. Mama akipata uraia, bado iko palepale. Ikitokea amechukua msaada wa kijamii wa serikali ndani ya muda huo, utatakiwa urudishe fedha hizo, na mpaka urudishe hutaruhusiwa kumdhamini mtu mwingine. Mkeo akisaini pamoja nawe anabeba mzigo sawasawa na wewe. Yeye si shahidi, ni mdaiwa mwenzio. Kwa hiyo naye aisome fomu mwenyewe, asipewe tu kalamu.

Sisemi haya kukutisha. Wengi wamewaleta wazazi wao na wamekaa nao vizuri miaka yote. Nasema hivi kwa sababu shemeji anaposema "maneno ya kiofisi tu" anakosea pakubwa. Katika fomu nzima, hilo ndilo neno zito kuliko yote.

Kuhusu tafsiri sasa, maana hapa ndipo napopambana kila siku. Kiswahili chetu kina ahadi za uzito mbalimbali na Kiingereza nacho kina zake, lakini hazikai sambamba. Tukisema "nitajitahidi" tumeshatoa neno letu, na msikilizaji anajua kwamba mambo ya dunia yanaweza kuingilia kati. Kiingereza cha mikataba kinalo neno la namna hiyo pia: endeavour. "I will use reasonable endeavours to" ni nitajitahidi kadiri inavyowezekana. Ukishindwa baada ya kujitahidi kweli, umetimiza. Undertake to haina mlango huo. Hiyo inahesabu matokeo, haihesabu jasho.

Ndiyo maana kwenye barua za mwajiri au za mwenye nyumba, ambazo bado zina nafasi ya mazungumzo, naomba watu waulize jambo moja: je, hapa mnaweza kuweka "endeavour" badala ya "undertake"? Wakati mwingine wanakubali bila ubishi. Wakikataa, umeshajua wanachokitaka kwako. Fomu ya serikali haibadilishwi, lakini mkataba ni mazungumzo mpaka dakika ya kusaini.

Pahali pabaya kuliko pote pa kulikosea neno hili ni mahakamani. Kesi za kifamilia hapa England na Wales, mtu anayelalamikiwa anaweza kuruhusiwa kutoa undertaking badala ya kuwekewa amri. Haina maana kwamba amekiri kosa, na ndiyo sababu wengi wanaikubali haraka, waondoke wakale chakula cha mchana. Lakini akiivunja ameidharau mahakama, na kifungo kinaweza kufika miaka 2. Mkalimani akisema "umeahidi" peke yake, yule bwana anasikia ahadi kama ile ya kumpitia jirani Jumapili. Mimi siku hizi nasema: "Unajifunga mbele ya mahakama, na ukivunja unaweza kufungwa." Kiswahili kimetupa mzizi mmoja kwa mambo yote mawili, na kila nilipousema hivyo nimeona mtu akiinua macho kutoka kwenye karatasi.

Mawakili nao wanafungwa na neno hilo kuliko sisi. Ukinunua nyumba, wakili wa muuzaji hutoa undertaking kwamba atalipa mkopo uliobaki juu ya nyumba ile. Akisha kuitoa inamshika yeye binafsi, na kanuni za taaluma yake zinamlazimu kuitimiza. Kwa hiyo wakili wako akikupigia kuuliza "may we undertake to…" usijibu "ndiyo ndiyo" ukiwa kwenye basi. Mwombe aandike. Mara nyingi ahadi anayotaka kuitoa itatekelezwa kwa fedha zako.

Kuna sura nyingine mbili tatu, nazipita upesi. Undertaking inaweza kuwa biashara au kampuni: mkiletewa barua kazini inayotaja TUPE, ile "U" ni hiyo, kanuni za mwaka 2006 zinazosema kampuni ikichukua kazi kutoka kwa nyingine, wafanyakazi wanahama na masharti yao ya ajira. Barua hiyo si ya kufukuzwa kazi, msilie. Na undertaker ni mtu wa mazishi. Zamani lilimaanisha yeyote aliyejitwika kazi. Karne ya 17 huko Ulster, kaskazini mwa Ireland, waliitwa hivyo waliopewa mashamba kwa sharti la kuleta walowezi kutoka Uingereza. Baadaye likabaki kwa wanaojitwika maiti. Ukiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba wewe ni "hard-working undertaker", hutaitwa kwenye usaili wa ghala.

---

Kutoka: Leeds

Kaka Mkalimani, ahsante sana. Niongeze la mdhamini wa pango, maana msimu wa wanafunzi kutafuta nyumba ukianza, wengi wetu tunaombwa na watoto wa ndugu.

Mwanangu wa kwa dada alipata chumba kwenye nyumba ya wanafunzi wanne, mkataba mmoja wa wote. Nikaletewa hati ya udhamini: "the Guarantor undertakes to pay the rent". Sikuona neno "his". Nikapiga simu kwa wakala kuuliza "the rent" ni ya nani. Ni ya nyumba nzima. Yaani wale watatu ambao hata majina yao siyajui wakishindwa kulipa, ningeweza kufuatwa mimi. Nikaomba waandike kwamba udhamini wangu unaishia kwenye fungu la kijana wangu peke yake na kwa muda wa mkataba huu tu, usiendelee wakiongeza mwaka. Siku mbili baadaye hati ikarudi imebadilishwa. Simu haikuzidi dakika kumi. Jamani, ulizeni.

---

Kutoka: Dereva, Preston

Nanyi mnaojiandaa kwa mtihani wa leseni Uingereza: mwalimu akisema "don't undertake", hakukatazi kuahidi. Anakukataza kulipita gari jingine kwa upande wa kushoto. Kanuni ya 268 ya Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani. Msongamano ukiwa mkubwa na safu zote zinatambaa, safu yako ikitangulia kidogo si kosa, ila usihame safu ili tu upite kushoto. Mimi nilimwangalia mwalimu wangu nikamwambia "I undertake nothing, sir", naye akapiga breki kuniuliza nina maana gani.

---

Kutoka: Minneapolis

Kwa tulio Marekani neno halionekani lakini jambo ni lilelile. Fomu I-864 ya kumdhamini ndugu ni mkataba, japo kichwa chake kinasema hati ya kiapo. Talaka haiufuti. Unakoma mgeni wako akipata uraia, au akihesabiwa robo-mwaka 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni kama miaka 10, au akiacha ukaazi na kuondoka nchini, au mmoja wenu akifariki.

---

Kutoka: Ottawa

Wakubwa zangu, nimesoma yote mara mbili, na mke wangu naye amesoma. Alikuwa hajui kabisa kwamba naye ni mdaiwa. Tulikaa kimya kidogo mezani, kisha akasema angesaini hata ingekuwa miaka 30, ila amefurahi kwamba ameulizwa.

Leo asubuhi nikampigia mama, nikamsomea sentensi ile kwa Kiswahili cha Mkalimani: mwanao na mkwe wako wanajifunga. Akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo sina jibu lake. Akichoka na baridi akarudi nyumbani mwaka wa 5, ile miaka 15 iliyobaki inatudai nini?

---

Kutoka: Mkalimani, Birmingham

Mwambie mama swali lake ni la mwanasheria. Muda unaendelea kuhesabika hata akiwa hayupo, akiondoka haukatiki. Lakini kinachorudishwa ni msaada wa serikali alioupokea. Kama hakupokea, hakuna cha kurudisha, mwaka wa 5 au wa 19. Weka nakala ya fomu mahali ambapo mkeo naye anaweza kuifikia, pamoja na tarehe ya ukaazi wa mama ukishatoka.

Na msalimie sana.