Mota za waipa: fyuzi inakatika kigari kikigeuka mahali pamoja

Kigari_Gerezani: Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninatengeneza kigari cha kuongozwa kwa rimoti cha kubebea trei za miche, na nyuma nimetumia mota mbili za waipa nilizonunua kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani, zote nikazifunga kwa bolti kwenye fremu ya chuma. Betri ni ya volti 12, nyaya zake hazigusi fremu popote, na mwelekeo unabadilishwa kwa rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme). Kigari kinakwenda mbele vizuri na kinarudi nyuma vizuri, lakini kila ninapotaka kijizungushe mahali pamoja, mota moja ikienda mbele na nyingine nyuma, fyuzi ya ampea 20 inakatika hapo hapo. Nimekosea wapi?

Fundi_Waya: Nyaya zako umeziunganisha sawasawa; chanzo kimo ndani ya mota zenyewe. Kwa kuwa mota ya waipa kwa kawaida huzunguka upande mmoja tu, nyingi huundwa brashi ya hasi (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) ikiwa imeunganishwa na kasha la mota, ili umeme urudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ukigeuza mota moja, kasha lake linakuwa chanya ilhali la mwenzake bado ni hasi, na fremu yako inayakutanisha: hiyo ni shoti kamili. Pima kwa mita kati ya kasha na kila waya. Kisha zifunge mota juu ya ubao mgumu, bolti zake zisifike kwenye fremu, na uangalie pia mhimili wa kutokea, yaani ule unaotoka nje ya mota kuzungusha gurudumu, ambao wengi huusahau, kwa maana nao hugusana na kasha na mnyororo wa chuma unaweza kuirudisha shoti ileile.

Mbunifu_Moro: Mimi ningetafuta mota za vioo vya milango. Kioo hupanda na kushuka kwa kubadilishana chanya na hasi, hivyo kwa kawaida nyaya zake mbili hazigusani na kasha.

Fundi_Waya: Kuhusu nyaya ni kweli, ndugu yangu, na kwa kigari chepesi ningekubaliana nawe. Lakini mota ya kioo imeundwa ifanye kazi sekunde chache kisha ipumzike, na baadhi zina kinga inayokata umeme zikipata joto, ilhali waipa hufanya kazi mvua nzima ya masika bila kusimama. Kwa mizigo ya miche, abaki na waipa.

Kigari_Gerezani: Nashukuru sana. Nimepima, na kwenye mota zote mbili waya mweusi na kasha vinasoma karibu sifuri, yaani vimeungana. Nimezihamishia juu ya ubao wa mninga. Mnyororo sina, kwani magurudumu ya mpira yamefungwa kwenye mhimili wenyewe. Jioni hii kigari kimejizungusha mara kumi kikiwa na trei nne, na fyuzi ni ileile.