Zawadi iko juu ya boksi, si ndani yake!

Mama Watatu, Ntinda: Ndugu zangu, ninaandika huku mikono ikinitetemeka. Yule muuzaji wa dukani mnayemsimulia humu, mwenye kalamu sikioni, ambaye humpima mteja kuanzia viatuni, leo amenigeuzia boksi la siriali, nafaka kavu za kifungua kinywa, mbele ya foleni nzima, akaweka ukucha juu ya maandishi madogo kama mayai ya chawa, akasema: "Nnyabo, soma. Zawadi ni ya watoto wa Uingereza." Mwanangu wa miaka 6 alikuwa kando yangu, bado ameshika kijiko alichofukulia siriali yote akitafuta kigari kilichochorwa juu ya boksi.

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1909 kampuni ya siriali ya Kellogg kule Marekani ilikuwa ikitoa kijitabu cha picha za wanyama kwa kila aliyenunua pakiti mbili, na mwaka 1952 ikamleta Tony, chui milia wa katuni, kuuza vipande vya mahindi vilivyopakwa sukari. Lakini kijitabu kile angalau kilitolewa! Mimi nimelipa shilingi 38,000 nikapewa ukucha. Ukucha, jamani!

Mzee wa Wandegeya: Pole, binti yangu. Kwa fedha hizo ungekunywa bushera, kinywaji chetu cha nafaka, hadi Krismasi, na hakuna aliyewahi kufukua kibuyu akitafuta kigari.

Mjukuu wa Jinja: Namfahamu huyo. Mimi alinisomea tarehe ya mwisho ya matumizi kwa sauti ya mhubiri, baada ya kupokea fedha zangu.

Mama Watatu, Ntinda: Mbele ya mtoto, lakini? Kwa ukucha?

Muuguzi wa Mbale: Kinachoniudhi mimi ni sukari. Daktari John Harvey Kellogg alivitengeneza vyakula hivi kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali yake ya Battle Creek, Marekani, naye sukari hakuitaka. Mdogo wake Will ndiye aliyeitia, akafungua kampuni yake mwaka 1906. Siriali yao ya Sugar Smacks ya mwaka 1953 ilikuwa sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na katika miaka ya 1980 walichobadilisha ni jina, wakaandika asali.

Mjukuu wa Jinja: Muuguzi, tusaidie: siriali humiminiwa maziwa ya moto au baridi? Mke wangu na mimi hatuzungumzi tangu Jumapili.

Mzee wa Wandegeya: Ya moto. Baridi ni uvivu.

Mama Watatu, Ntinda: Na ukucha wangu?

Muuguzi wa Mbale: Baridi, Mzee. Ya moto huifanya uji.

Mzee wa Wandegeya: Basi si ungenunua uji?