MJADALA: Meli ikilipuka mbali na nyumbani, data zote zipotee? Mimi nasema zipotee

Wakuu, hoja hii huibuka kila wanapokutana wapenzi wa Elite Dangerous, na mara nyingi huachwa hewani. Naomba leo tuijadili mpaka kieleweke.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe: ni ya kuendesha meli za anga, imetengenezwa na Frontier Developments ya Uingereza, ikatoka Desemba 2014. Ndani yake imo galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota inayokadiriwa kufika bilioni 400. Wapo wanaopigana, wapo wanaofanya biashara, na tupo sisi watafiti tunaokwenda mbali. Kutoka kwenye Jua letu hadi Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi, ni karibu miaka ya nuru 26,000. Beagle Point, kule ukingo wa pili, ni zaidi ya 65,000. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina kituo wala gereji.

Ukiwa njiani unapima nyota na sayari, na data zinakaa ndani ya meli mpaka uzifikishe kwa Universal Cartographics, kampuni ya ramani za anga ndani ya gemu yenye ofisi vituoni, na kuziuza. Ukiwa wa kwanza kuzileta, jina lako linabaki kwenye nyota hiyo na kila atakayepita baada yako ataliona. Meli ikilipuka kabla hujauza, unalipa asilimia 5 ya thamani yake na kupewa nyingine ile ile, halafu unajikuta umerudi kituoni. Lakini data zimekwenda. Zote.

Wanaotaka mabadiliko wanasema si haki kazi ya miezi ifutwe na kosa la sekunde mbili. Wanapendekeza data zihifadhiwe zenyewe, kama si zote basi nusu. Nawaelewa, maana nimeona watu wakiiacha gemu kabisa baada ya hasara hiyo. Hata hivyo napinga, na sababu yangu kubwa ni jinsi uharibifu wa meli unavyofanya kazi.

Tuanze na nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kinachobaki nyota kubwa inapolipuka. Nyota hizi hurusha miale miwili mirefu, mmoja kila ncha. Ukipitisha meli ndani ya mwale, injini ya kuruka (ile inayokutoa mfumo mmoja wa nyota hadi mwingine) inachajiwa na mruko unaofuata unakuwa mara nne ya kawaida. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuvuka galaksi. Meli inatikisika, pua inakuponyoka mkononi, nawe unapaswa kukaa kwenye mkia wa mwale, mbali na nyota yenyewe, mpaka chaji ijae ndipo utoke. Kila chaji inakwangua injini takriban asilimia 1. Asilimia 1 haimtishi mtu, ndiyo maana wengi hawaangalii. Lakini anayeruka hivyo usiku kucha atakuta injini imeshuka chini ya 80, na kuanzia hapo kifaa chochote kinaweza kuanza kugoma. Kibete cheupe, aina nyingine ya nyota iliyokufa, ndicho kibaya zaidi: kinaongeza nusu tu ya umbali, na mwale wake unakulazimisha kusogea karibu mno na nyota. Mimi sikipiti, na sioni kwa nini mtu akipite kama hajabanwa na njia.

Angalieni basi. Uharibifu huu haukuvamii. Unasomeka kwenye skrini, namba kwa namba, na dawa yake ipo: mashine ya ukarabati, ile AFMU. Unasimamisha meli kwenye nafasi tupu, kwa sababu kifaa kinachotengenezwa huzimika, kisha unaiacha ifanye kazi. Haiwezi kujitengeneza yenyewe, kwa hiyo wazoefu hubeba mbili, hii imtibu mwenzake. Vipuri vikiisha unatengeneza vingine kwa madini uliyookota juu ya sayari. Na jambo linalosahaulika kuliko yote: mashine hii haina uzito hata kilo moja ndani ya gemu. Haikupunguzii umbali wa mruko.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaolalamika. Kuna desturi ya kuivua meli kila kitu ili iruke mbali zaidi. Ngao zinang'olewa, AFMU haibebwi kwa mazoea tu, limpeti za ukarabati (vile viroboti vinavyotoka nje kuziba bodi, yaani gamba la meli) zinaachwa nyumbani kwa sababu kila kimoja ni tani moja. Halafu mtu anashuka kwenye sayari yenye mvuto mkubwa. Sayari ya Achenar 3 ina zaidi ya 6 g, yaani zaidi ya mara sita ya mvuto wa Dunia; pale ukishusha mkono kwa haraka meli inaanguka kama jiwe na hakuna injini ya kuizuia. Ngao ndogo tu ya tani mbili ingemeza pigo la kutua vibaya. Bila ngao, bodi ndiyo inayolipa, na bodi AFMU haiigusi kabisa. Miaka michache ya nuru uliyoongeza kwenye kila mruko ndiyo imekula safari nzima. Tusiilaumu sheria ya gemu kwa meli tuliyoivua wenyewe.

Sababu yangu ya pili hamjaigusa. Data zikihifadhiwa zenyewe, kulipuka kutakuwa nauli ya bure ya kurudi nyumbani. Mtu atafika Beagle Point, atabonyeza kitufe cha kujilipua, ataamka kituoni na data zake mkononi. Nani atarudi tena kwa njia? Na safari ya kurudi ndiyo yenye uzito: bodi imechoka, vipuri vimepungua, na kila unachokifanya una kitu cha kupoteza.

Tena kuna watu ambao hasara hii imewazaa. Fuel Rats, tangu 2015, huenda popote kumwokoa aliyeishiwa mafuta. Hull Seals hufanya hivyo kwa waliovunjika bodi. Mtu anavuka maelfu ya miaka ya nuru kwa ajili ya mgeni asiyemjua, anamtumia limpeti za ukarabati, kisha anaondoka bila kudai chochote. Meli kubwa za kubebea meli zilipokuja Juni 2020 kwa bei ya krediti (pesa za ndani ya gemu) bilioni 5, wachezaji walijipanga wakaziegesha sehemu mbalimbali za galaksi chini ya mpango wa DSSA (Deep Space Support Array) ili anayepita apate matengenezo. Siku hizi meli za aina hiyo zinaweza kuwa na ofisi ya Universal Cartographics, maana yake unaweza kuuza data katikati ya safari. Kama kufa kungekuwa bure, hakuna ambaye angeita msaada, na hawa wote wasingekuwa na kazi.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Aliyesema ana saa mbili tu kwa wiki na hawezi kumudu kupoteza miezi: hoja yako ni nzito kuliko zote zilizoletwa hapa, na sitaki kuipita juu juu. Lakini mwenye muda mfupi ndiye anayefaidika zaidi na kuuza mara kwa mara. Panga safari ipite Colonia, takriban miaka ya nuru 22,000 kutoka nyumbani, penye vituo na mafundi wa kutosha. Uza, tengeneza, endelea. Hata mambo yakiharibika, utakuwa umepoteza kipande cha safari tu.

Aliyeuliza kuhusu wanaovizia watafiti na kuwalipua mlangoni mwa kituo: hapo nakubaliana nawe kwamba ni uonevu. Ingia kwa Solo, yaani hali ya kucheza peke yako bila wachezaji wengine, unapokaribia nyumbani. Gemu inaruhusu, na hakuna aibu yoyote.

Sehemu moja nasimama nanyi kabisa. Mtambo wa umeme wa meli hautengenezeki na AFMU. Joto likikupiga ulipoangukia katikati ya nyota mbili zilizokaribiana, unaweza kuwa na mashine mbili za ukarabati, vipuri tele na limpeti za kutosha, na bado mtambo ukabaki na jeraha lake mpaka ufike kituoni. Ukiwa upande wa pili wa galaksi, kituo hicho kinaweza kuwa wiki kadhaa mbele. Hii haimpimi mchezaji uangalifu, kwa sababu aliyejiandaa na asiyejiandaa wanaumia sawasawa. Ningependa turuhusiwe kuutengeneza kwa gharama kubwa, tuseme kwa madini adimu na meli ikiwa imezimwa kabisa juu ya sayari.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotaka data zihifadhiwe: achaneni na hilo, tusukume hili la mtambo. Anayeona hata hilo litarahisisha gemu kupita kiasi aje na hoja yake, hasa kama amewahi kurudi kutoka mbali na mtambo ulioharibika.